Uzoefu wangu na Yamalube kwenye injini ya mtumbwi, Mwanza

Niseme mapema: oili hii ni ghali. Ukiilinganisha na ile ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji mwaloni, bei inakaribia mara mbili, na wavuvi wengi ninaowajua Igombe na Kayenze hawaoni sababu ya kutoa hela hiyo. Mimi naitumia na nitaendelea, kwa kuwa nimeiona kazi yake ndani ya silinda.

Injini yangu ni Yamaha Enduro 15, ya mipigo miwili, hizi za kuchanganya oili na petroli. Niliinunua mkononi kwa mvuvi wa dagaa. Fundi alipofungua kichwa tulikuta ringi zimeganda kwenye mifereji yake, na tundu la kutolea moshi limezibwa na masizi magumu. Mwenye nayo alikuwa akiweka oili yoyote aliyoikuta dukani, leo ya gari, kesho ya pikipiki. Pistoni ilikuwa na michirizi, ila bahati nzuri ilikuwa haijanoki. Tukasafisha, tukaweka ringi mpya, na tangu hapo inakunywa Yamalube yenye alama ya TC-W3 peke yake, yaani oili ya injini za boti za mipigo miwili zinazopozwa na maji.

Kwa nini nasisitiza alama hiyo? Injini ya gari ina sampu. Oili inakaa chini, pampu inaisukuma juu, inalainisha, inarudi. Hii yetu haina sampu. Oili inaingia na petroli kupitia kabureta, inapita kwenye beringi za krenki, inapaka kuta za silinda, kisha inaungua. Kila tone lina safari moja tu. Kwa hiyo oili yake lazima ilainishe vizuri na pia iungue bila kuacha uchafu, na hapo ndipo oili ya gari inaposhindwa: imewekewa kalsiamu na zinki za kusafisha na kulinda vyuma, na madini hayo yakiungua huacha majivu, ambayo hukaa kwenye plagi na kwenye mifereji ya ringi. Ya pikipiki ya mipigo miwili ina nafuu, lakini imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, yenye joto kali. Ya mtumbwi inavuta maji ya ziwa muda wote ili kujipoza.

Tena mtumbwi hauna mteremko. Gari likishuka mlima wa Bugando linapumua kidogo. Ukitoka Kirumba na shehena ya barafu na nyavu, upepo uko mbele, unafungulia mafuta mpaka mwisho hadi ufike.

Nachanganya 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Wapo wanaozidisha wakiamini wanailinda injini, na hili linaniuma kwa sababu wanaharibu kwa nia njema. Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti ya kabureta. Injini inapata petroli pungufu, inachemka, na plagi zinachafuka. Wanaopunguza ili kubana matumizi, hao ndio wanaonoki.

Fundi alipoifungua tena baada ya msimu, ringi zilikuwa zinacheza, masizi laini yalitoka kwa kitambaa. Moshi umepungua sana, na alfajiri inawaka bila kunichosha mkono.

Oili peke yake haitoshi, lakini. Magugu maji yakiziba matundu ya kuvutia maji, injini inachemka na hakuna oili itakayovumilia joto hilo. Vijana wangu nimewaambia: yale maji yanayoruka pembeni yakikatika, zima hapo hapo, hata kama mawimbi yanawasukuma.

Malalamiko yangu ni upatikanaji. Mjini Mwanza ipo. Ukivuka Ukerewe unaweza kuzunguka Nansio nzima ukakuta kopo limefunguliwa na kujazwa upya. Angalia mfuniko kama lakiri yake haijakatwa. Oili ya TC-W3 iliyosajiliwa na NMMA, chama cha watengenezaji wa boti cha Marekani, huwa na namba inayoanza na RL kwenye kopo. Kopo langu likiisha nalitoboa kabla ya kulitupa.

Wanaoniuliza kama wahamie mipigo minne: petroli inaokoa kweli, na moshi hakuna. Hiyo ina oili yake chini kama gari, usiichanganye, na tafuta yenye alama ya FC-W. Shida ni kwamba ina vali, ina vitu vingi vya kupima, na oili lazima imwagwe kwa wakati. Huko Ukara nikikwama, fundi anaifungua hii yangu juu ya mchanga kwa spana chache, tunarudi kazini siku hiyo hiyo. Ndiyo maana bado sijaibadilisha.