Saa Moja na Nusu kwa Wakili: Tathmini ya Huduma kwa Wafanyakazi Ambao Data ya Mishahara Yao Imevuja

Wafanyakazi 12 wa kiwanda kimoja cha Industrial Area, nami nikiwa miongoni mwao, tulichanga shilingi 500 kila mmoja ili kulipia mashauriano na wakili mmoja wa katikati ya jiji la Nairobi anayeshughulikia kesi za ajira na za ulinzi wa data. Ofisi yake sitaitaja, wala mwajiri wetu sitamtaja, kwa kuwa shauri lingali wazi. Nitakachoeleza ni kile tulichokinunua kwa shilingi 6,000 hizo, kilichotufaa na kilichotukera.

Chanzo cha safari yetu kilikuwa hiki. Kampuni ya nje inayomtayarishia mwajiri wetu mishahara iliacha faili ya mwezi mzima kwenye kiungo kisichokuwa na nywila, na kufikia Alhamisi faili hiyo ilikuwa ikizunguka katika makundi ya WhatsApp. Niliifungua nikiwa ndani ya matatu. Kwenye mstari wa 87 nikajikuta: jina, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), akaunti ya benki, makato ya SHA (bima ya afya) na NSSF (hifadhi ya jamii), mkopo wa sacco, na mwishoni kabisa jina la mama yangu na nambari yake ya simu, kwa sababu ndiye niliyemwandikisha kuwa jamaa wa karibu. Mistari miwili chini yangu kulikuwa na makato ya mwenzetu yaliyoandikwa kuwa ni ya matunzo ya mtoto kwa amri ya korti, jambo ambalo hakuwahi kumdokezea mtu yeyote kazini. Jioni ya siku ya pili mama alipigiwa simu na mtu aliyeujua mshahara wangu hadi shilingi ya mwisho, akidai kwamba nimelazwa na kwamba hospitali inahitaji pesa za dharura. Mama ni mwerevu kuliko mimi, akakata simu na kunipigia.

Ofisi ya wakili iko ghorofa ya nne katika jengo la zamani ambalo lifti yake ilikuwa imefungwa kwa utepe. Hakuna aliyetuonya tulipopiga simu kuomba nafasi, na mzee wetu wa udereva, ambaye goti lake limekuwa likimsumbua kwa miaka, alipanda ngazi zile akipumzika kila ghorofa. Tulingoja dakika 40 zaidi ya saa tuliyopewa. Ningekuwa ninatathmini mapokezi peke yake, maksi zingekuwa haba.

Mambo yalibadilika tulipoketi. Wakili hakuanza kwa kutusomea vifungu. Alichukua karatasi ya manjano, akaigawa sehemu tatu kwa penseli, kisha akauliza: "Nani kati yenu amepoteza pesa, shilingi ngapi, na tarehe gani?" Sisi tuliokuwa tumejaa hasira tukagundua kwamba ni mmoja tu aliyekuwa na jibu. Mwenzetu wa bohari, ambaye laini yake ya simu ilihamishiwa kadi nyingine bila yeye kujua, alikuwa ametolewa shilingi 38,400. Sehemu ya pili ya karatasi ilikuwa ya walioaibishwa au kusumbuliwa, na hapo tuliingia watano. Waliobaki walikuwa hatarini tu, hawajaguswa bado. Mgawanyo huo ndio ulioongoza kila ushauri uliofuata, na kwa maoni yangu ndio uliostahili malipo yetu, maana sote tuliingia pale tukiamini kwamba tuna kesi moja ilhali zilikuwa tatu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema katika kifungu cha 65 kwamba aliyedhurika kwa kukiukwa kwa sheria hiyo anastahili fidia, na inaeleza wazi kwamba madhara si hasara ya pesa pekee bali pia ni fadhaa. Kwa hiyo mwenzetu mwenye makato ya matunzo ana dai hata kama hakuna senti iliyotoka mfukoni mwake. Lakini fadhaa nayo, wakili alisisitiza, huthibitishwa: nani alisema nini, wapi, siku gani, nani alisikia. Jambo jingine ambalo sikulijua ni kwamba sheria yetu inaweka maelezo ya familia, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mke au mume, katika kundi la data nyeti pamoja na hali ya afya na hali ya ndoa. Safu ile ya jamaa wa karibu, ambayo sisi tuliiona kuwa jambo dogo kando ya akaunti za benki, ndiyo aliyoizungushia duara kwa penseli.

Swali letu kubwa lilikuwa nani wa kushtakiwa, kwa sababu ofisi ya wafanyakazi ilikuwa imetujibu kwamba kosa ni la kampuni ya nje na tukaulize huko. Hapa wakili alikuwa na subira ya mwalimu. Mwajiri ndiye aliyeamua data ikusanywe na itumike kwa kazi gani, kwa hiyo yeye ni mdhibiti wa data, na anawajibika kwa madhara yanayotokana na uchakataji anaohusika nao isipokuwa athibitishe kwamba hahusiki kwa vyovyote na tukio lenyewe. Kampuni ya mishahara ni mchakataji, yaani anayeishughulikia data kwa niaba ya mdhibiti, ambaye huwajibika pale alipokiuka majukumu yake mwenyewe au alipoyapuuza maagizo halali ya mdhibiti. Baina yao sheria inataka pawe na mkataba wa maandishi. Kuhusu muda, mchakataji anatakiwa kumwarifu mdhibiti ndani ya saa 48 tangu ajue data imevuja, naye mdhibiti anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data, afisa wa serikali anayesimamia sheria hiyo, ndani ya saa 72. Wenye data nao huarifiwa kwa maandishi pale ambapo upo uwezekano wa kweli wa kudhurika. Sisi tulijua Alhamisi kupitia WhatsApp na barua ya mwajiri ikatufikia wiki tatu baadaye. Wakili aliiomba bahasha pamoja na barua, jambo lililotushangaza mpaka alipoonyesha muhuri wa tarehe.

Kisha akatuzuia kwenda kortini, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi kwa mtu ambaye mkate wake unatoka huko. Alieleza kwamba majaji wamewahi kuwarudisha walalamishi walioruka hatua ya Kamishna, na kwamba lalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo makao yake yako Britam Tower, Upper Hill, huwasilishwa bila ada, linaweza kuletwa na mtu mwingine kwa niaba yenu, na kwa mujibu wa kifungu cha 56 uchunguzi wake unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Kanuni za mwaka 2021 zinampa Kamishna uwezo wa kuamuru fidia, na asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Hapa alirekebisha dhana ambayo sote tulikuwa nayo. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini kwa taasisi tatu, mojawapo ikiwa shule ya Nairobi iliyotozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mmoja wetu alikuwa ameanza kugawanya kiasi kama hicho kwa idadi yetu kwenye kikokotoo cha simu. Faini ya namna hiyo haiingii mfukoni mwa mlalamishi. Ukomo wake ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Fidia ni jambo jingine, huombwa peke yake, na usipoiandika kwenye lalamiko usitarajie itajiandika.

Ili tusilewe matumaini, alitusimulia kisa cha maduka ya Morrisons nchini Uingereza, ambako mwaka 2014 mkaguzi wa ndani aliyekuwa na kinyongo alianika mtandaoni data ya mishahara ya wafanyakazi wapatao 100,000. Maelfu yao walimshtaki mwajiri, wakashinda katika mahakama mbili za mwanzo, lakini Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kwamba mwajiri hawezi kubebeshwa tendo la mfanyakazi aliyekuwa akilipiza kisasi chake binafsi. Kwetu hakuna mwenye kinyongo aliyejulikana. Kuna kiungo kilichoachwa wazi, na uzembe wa namna hiyo, alisema, hujibiwa kwa kifungu kingine cha hoja. Sina ujuzi wa kupima ulinganisho huo, ila nilifurahi kusikia wakili akieleza kesi iliyoshindwa.

Mashauriano yalikuwa dhaifu katika hofu yetu ya kufutwa kazi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo iliyokuwa kubwa. Wakili aliitaja Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kuachishwa kazi isipokuwa lalamiko liwe la ovyo na lisilo na msingi, na kwamba anayefutwa kwa sababu hiyo anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Dakika tano, basi. Wenzetu wawili wa kandarasi za miezi mitatu, ambazo mwajiri anaweza tu kuacha kuzihuisha, hawakupata jibu, na baadaye hawakutia saini lalamiko. Ningependa muda uliotumika kwa Morrisons ungepewa wao.

Kwa upande wa ushahidi alikuwa makini kupita kiasi, na sasa ninamshukuru. Alimwamuru kila mmoja apige picha ya skrini ya mstari wake tu, tarehe na jina la kundi vikionekana, kisha aache kabisa kuisambaza faili, kwa sababu anayesambaza data ya wenzake naye anajitia hatiani. Picha hizo huambatanishwa na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B. Mwenzetu wa bohari alielekezwa kwanza polisi, kwa kuwa wizi wa pesa zake ni jinai chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018, kisha benki, kisha mtoa huduma wa simu. Sote tulishauriwa kuomba ripoti zetu za mikopo, ambazo kila mtu hupewa bure mara moja kwa mwaka, na kumwandikia mwajiri tukitaka kuona data zote anazotuhifadhia; ombi kama hilo hujibiwa ndani ya siku saba, bila malipo.

Kuhusu bei nina lalamiko moja. Barua ya madai kwa mwajiri tuliambiwa ni shilingi 15,000, na ankara ilipokuja ikasoma 17,400, kwa kuwa ushuru wa VAT haukuwa umetajwa. Karani aliomba radhi lakini hakupunguza chochote. Ulizeni bei kamili kabla ya kukubali, na mpewe kwa maandishi. Lalamiko kwa Kamishna tuliliandika wenyewe kwa kufuata karatasi ya manjano, wakili akalipitia bila kudai malipo zaidi, na tukalipeleka Upper Hill watu watatu kwa niaba ya kumi.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Jumamosi hufungua hadi saa saba mchana, na mzee wetu alipohitajika kutia saini mara ya pili, karani alishuka na hati hizo hadi mlangoni, naye akazitia saini juu ya boneti ya teksi.