Krismasi Ndani ya Trela: Uzoefu Wetu Katika Jangwa la Arizona

Tathmini hii nawaandikia Waafrika Mashariki wenzangu walioko Marekani ambao, kama sisi, hufanya kazi kwa mikataba mifupi na wanapima kama inafaa kuishi katika trela badala ya kupanga nyumba kila wanapohamia mji mpya. Nimeona kwamba wengi hawana wasiwasi na miezi ya kawaida. Wasiwasi wao huanza Desemba. Wanataka kujua kama familia iliyozoea Krismasi ya ukoo mzima, yenye mbuzi, masufuria makubwa na wageni wasiohesabika, inaweza kuiadhimisha kwa heshima ndani ya nyumba ya magurudumu yenye urefu wa mita nane. Kwa uzoefu wetu inawezekana, na kwa mambo fulani ilikuwa nzuri kuliko tulivyowahi kuipata katika nyumba za kupanga huku, lakini anayeanza maandalizi kwa kununua mapambo kabla hajajua mpaka wa umeme wake atasherehekea gizani.

Mimi ni muuguzi wa mikataba. Mikataba hii kwa kawaida huwa ya wiki 13, na posho ya makazi inayoambatana nayo, ukiilipia nyumba yenye samani, huisha yote, ilhali ukiilipia nafasi ya kuegesha trela hubaki ya kutosha kutuma nyumbani. Trela yetu tuliinunua ikiwa imeshatumika. Ina kitanda cha wakubwa mbele, vitanda viwili vya kupandana nyuma, jiko, choo, bafu, na upande mmoja wa sebule unaosukumwa nje baada ya kuegesha ili kuongeza nafasi. Krismasi ninayoieleza tuliifanyia Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa Arizona, kando ya barabara kuu ya I-10, kiasi cha kilomita 30 kutoka Mto Colorado unaoitenganisha Arizona na California. Tuliuchagua kwa ajili ya hali ya hewa. Mchana wa Desemba joto hufika nyuzi 18 au 19, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 5, baridi isiyomtisha mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Jambo la kwanza kulielewa ni umeme. Katika vituo vya kuegesha trela kila nafasi huwa na nguzo yake, na nguzo hizo kwa kawaida ni za ampea 30 au za ampea 50. Ya ampea 30 hutoa volti 120, yaani wati 3,600 kwa jumla. Ya ampea 50 ina laini mbili, hivyo huweza kutoa hadi wati 12,000. Trela yetu ni ya ampea 30, kama zilivyo trela nyingi za ukubwa wake. Hita ndogo ya umeme peke yake hula wati 1,500, kichemsha maji kikiwa kwenye umeme hula wati 1,400, na maikrowevu haipungui wati 1,000. Vifaa hivyo vitatu vikiwashwa pamoja vimeshavuka mpaka, swichi kuu inajizima, na wewe bado hujagusa sufuria ya presha, pasi wala redio. Katika siku ya kawaida, ambapo mmoja yuko kazini na mwingine shuleni, hutagundua kasoro hii. Siku ya sikukuu, ambapo kila mtu yuko ndani na kila mtu anataka kitu chake, ndipo unapoijua trela yako.

Dawa yake ni kugawa kazi kati ya umeme na gesi. Kichemsha maji cha trela yetu kinaweza kutumia gesi, kwa hiyo tulikihamishia huko; joto la ndani tuliliachia tanuru la gesi; na mapishi yote makubwa tuliyatoa nje. Umeme ukabaki wa friji, maikrowevu, simu na taa. Taa za Krismasi zenyewe hazina madhara ikiwa ni za LED, kwa kuwa mkufu wa taa 100 ndogo hula wati chache tu, wakati mkufu wa zamani wa balbu ndogo za idadi hiyo hula takriban wati 40. Sisi tulizungusha mikufu ya LED dirishani na chini ya turubai la nje, zikawaka usiku kucha bila kusumbua chochote. Mishumaa halisi hatukuiruhusu kabisa. Kuta za trela ni mbao nyembamba, povu na plastiki, na mlango ni mmoja; dirisha la dharura lipo, lakini nisingependa kumfundisha mtoto kulitumia usiku wa mkesha.

Tanuru la gesi hufanya kazi yake vizuri ila lina kelele, na lina ulaji. Mtungi wa kilo 9, ambao ndio wa kawaida kwenye trela, unaweza kulisha tanuru la ukubwa wa kati kwa takriban saa 14 likiwaka mfululizo. Bahati ni kwamba kwa baridi ya Quartzsite haliwaki mfululizo. Huwaka, likazima, likawaka tena. Hata hivyo, ukiongeza kichemsha maji na jiko la nje, mitungi miwili huisha haraka kuliko unavyodhani, na kwa kuwa wauza gesi wengi hufunga tarehe 25, mitungi ijazwe kabla ya mkesha. Kuna pia suala la unyevu. Watu watatu wanaopumua, maji ya kuoga na chungu kinachochemka hutoa mvuke ambao katika nafasi ndogo hauna pa kwenda, na asubuhi madirisha hulia maji hadi kwenye magodoro. Tuliacha tundu la paa wazi kidogo usiku kucha ingawa lilipoteza joto, na ninashauri kila mtu afanye hivyo.

Kwa kuwa ni muuguzi, niruhusiwe kusisitiza jambo moja. Trela hizi huwa na kengele mbili za hatari, moja ya gesi ya kupikia na nyingine ya monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu. Ya gesi ya kupikia hufungwa chini karibu na sakafu kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Kengele zote mbili zina ukomo wa maisha, na tarehe yake huandikwa nyuma ya kifaa. Zetu zilikuwa zimepitwa na wakati siku tuliponunua trela, na muuzaji hakutaja neno. Tulizibadilisha kabla ya kulala humo hata usiku mmoja. Na oveni isitumike kamwe kupasha chumba joto, hata kama baridi inauma kiasi gani.

Sasa nije kwenye chakula, ambacho kwetu ndicho Krismasi yenyewe. Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa Wachaga wanaokwenda, kama watani wetu wasemavyo, kuhesabiwa, na anayehesabiwa hulishwa. Nisingeweza kumwambia binti yangu kwamba hii ni Krismasi halafu nimpe chakula cha boksi. Nyama ya mbuzi haina shida huku kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa Wamexico wana mchuzi wao wa mbuzi uitwao birria, na bucha zao mara nyingi huuza mbuzi akiwa na mifupa, hasa ukiagiza mapema. Ya kwetu tuliinunua Phoenix pamoja na ndizi mbichi. Ndizi hizo si mshale, aina ya ndizi za kupika za Uchagani, na mama mkwe wangu alipoziona kwenye simu alinyamaza kwa adabu, lakini kwa machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, zinafaa. Kisusio, supu yetu ya damu ya mbuzi, kilibaki hadithi, maana mbuzi hakuchinjwa mbele yetu. Kikwazo cha kweli ni friza ya trela, ambayo hubeba kilo chache tu, kwa hiyo nyama tuliihifadhi kwenye sanduku la barafu nje, kivulini.

Pilau, machalari na maandazi vyote vilipikwa nje, kwenye jiko la gesi la miguu mitatu chini ya turubai. Hili silitoi kama pendekezo la hiari. Mtu akikaanga vitunguu na kutia bizari, karafuu na mdalasini ndani ya trela, harufu itaingia kwenye mapazia, magodoro na sare za kazi, na ataivaa hadi Pasaka. Nje kuna adui mmoja, upepo wa jangwani, ambao hulaza moto na kurefusha mapishi. Mume wangu aliuzuia kwa meza ya kukunja aliyoilaza ubavu, na baada ya hapo wali uliiva bila tatizo. Oveni ya ndani niliiachia kuku mmoja mdogo. Bata mzinga wa Kimarekani asingeingia. Moto wa oveni hii uko chini tu, hivyo chakula huungua upande wa chini kabla ya juu kubadilika rangi. Jiwe la kuokea piza likiwekwa chini ya sinia hutawanya joto na kuleta nafuu kubwa. Kwa oveni peke yake ningeinyima trela hii nyota mbili.

Faida ambayo sikuitegemea ilitokana na kupikia huko nje. Majirani zetu kituoni walikuwa hasa wastaafu wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini, ambao huja jangwani kila majira ya baridi kulikimbia theluji. Katika nyumba za kupanga nilizowahi kuishi Marekani, ilipita Krismasi nzima bila jirani kugonga mlango. Hapa harufu ya pilau iliwaleta wenyewe, mmoja akiwa na kiti chake mkononi. Siku ya tarehe 25 adhuhuri kulikuwa na mlo wa pamoja katika ukumbi wa kituo, kila familia na chungu chake, na pale tulikula tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya mahindi, ambazo ndizo chakula cha Krismasi cha Wamexico wa sehemu hizi. Sufuria yetu ya pilau ilirudi tupu. Nafasi ndogo ya ndani, ambayo niliihofia kuliko kitu kingine, ikawa ndiyo iliyotusukuma kwa watu.

Mawasiliano na nyumbani yanahitaji hesabu ya saa. Sehemu kubwa ya Arizona haibadilishi saa zake mwaka mzima, kwa hiyo tofauti na Afrika Mashariki ni saa 10 daima. Saa nane mchana ya tarehe 24 hapa Arizona, nyumbani Marangu, Kilimanjaro, huwa saa sita usiku na Krismasi imeingia. Muda huo ulitufaa kwa sababu nyingine pia, kwani jioni intaneti ya simu hulemewa na watu wengi wanaotumia minara ileile, wakati mchana picha hutulia. Zawadi kutoka kwa ndugu zilikuja kwa njia ya posta ya mji, ambayo hukubali kumtunzia kifurushi mtu asiye na anwani ya nyumba na kumkabidhi akionyesha kitambulisho.

Kuhusu zawadi za mtoto nina ushauri mmoja tu: zisiwe na sauti. Nilikuwa na zamu ya usiku tarehe 25, na asubuhi iliyofuata nilihitaji kulala mchana ndani ya kuta ambazo hata kijiko kikianguka jikoni husikika kitandani. Hakuna pazia wala mlango wa kukunja unaosaidia. Mume wangu alimtoa binti yetu kwenda kuliona kaburi la Haji Ali, ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly, mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856 lilipojaribu kuwatumia ngamia katika majangwa haya. Alifariki mwaka 1902, na juu ya kaburi lake kuna piramidi ya mawe yenye umbo la ngamia kileleni. Binti yetu alirudi akiwa ameamua kwamba huyo ni mmoja wa mamajusi aliyepotea njia, nami nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu. Anayefanya kazi za usiku ahesabu tatizo hili kuwa kubwa kuliko umeme.

Kwa wanaotaka gharama ndogo zaidi, nje ya mji kuna ardhi ya serikali iitwayo La Posa, ambayo hupokea wakazi wa muda mrefu kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kibali cha msimu mzima kwa miaka mingi kilikuwa dola 180, na cha siku 14 dola 40. Kuna maji na mahali pa kumwagia maji machafu, lakini nguzo za umeme hazipo, kwa hiyo utategemea paneli za jua na jenereta. Kwa familia yenye mtoto na mtu wa zamu za usiku sisi tulilipia kituo, na sijutii dola hizo.

Naipa trela kwa Krismasi ya Quartzsite nyota nne kati ya tano. Iliyokosekana ni ya kuta na oveni kwa pamoja. Mkataba tuliopewa baadaye ulikuwa wa Dakota Kaskazini, ambako baridi ya katikati ya majira hushuka chini ya nyuzi 20 hasi. Gesi yenyewe ingestahimili, kwa kuwa propani, yaani gesi ya mitungi yetu, haiachi kugeuka mvuke hadi ifike karibu nyuzi 42 hasi, ila mabomba ya maji yaliyopita chini ya sakafu ya trela yetu hayana ulinzi wa kutosha, na tangi la maji machafu likiganda hakuna sikukuu tena. Huko tulipanga nyumba, na trela tukaiacha Arizona kwa malipo ya mwezi.