Seti ya Kujishonea Gauni la Karne ya 10: Tathmini Kutoka Jikoni

Seti hii ya kujishonea vazi la mwanamke wa Skandinavia wa karne ya 9 na ya 10 niliinunua kwa ajili ya maonyesho ya historia, lakini kwa kuwa nyumbani mimi ndiye mpishi, vazi lilishonwa baina ya chungu kimoja na kingine, na mwishowe likajaribiwa mbele ya moto wa kuni. Ndani yake mna kitani cha kanzu ya ndani, sufu ya gauni la juu lenye kanda za mabegani, bizimu (vifungo vya pini) mbili za shaba zenye umbo la yai za kufungia kanda hizo, uzi na kijitabu cha maelekezo.

Kilichonipendeza zaidi ni mkato wa ile kanzu ya ndani. Badani, yaani kiwiliwili cha kanzu, ni kipande kilichonyooka, taharizi, yaani kipande cha ubavuni cha kuipanua, ni pembetatu na kikwapa, kile cha chini ya kwapa, ni mraba mdogo, hivyo kitambaa hakipotei ovyo, na kila kipande huweza kuwekwa kando shayiri ikihitaji kukorogwa, kisha kikaendelezwa bila kupoteza hesabu. Kikwapa nilikidhania kuwa pambo tu, kumbe ndicho kinachouwezesha mkono kukanda unga au kufikia rafu ya juu bila kanzu nzima kupanda. Sufu nayo ilistahimili: cheche iliyoruka iliacha doa jeusi tu, kwa sababu sufu hushika moto kwa shida. Kitani hakina subira hiyo, basi mikono ikunjwe kabla ya kukaribia meko.

Uzi, hata hivyo, ni wa pamba, jambo lisiloelekea kabisa kwa mavazi ya kaskazini ya Ulaya ya wakati ule, tena ulikatika mara kwa mara hata nikanunua wa kitani. Linaloudhi zaidi ni dai la kijitabu kwamba gauni hili ni “nakala halisi”. Hakuna gauni zima la aina hii lililosalia. Katika makaburi ya Birka, Uswidi, vingi vya vitambaa vilivyobaki ni vipande vidogo vilivyogandamana na bizimu, ambavyo kutu ya shaba ilivizuia visioze. Na katika bandari ya Hedeby, Ujerumani, yaliokotwa matambara yenye lami. Mengine ni makisio, mazuri lakini makisio, na kijitabu kingalikiri hivyo ningalikiamini zaidi.

Atakayeinunua akifue kitani kwa maji ya moto kabla ya kukikata. Mimi sikufanya hivyo, na kanzu yangu ya ndani sasa inaishia katikati ya muundi.