Taa za Mashine ya Kukata Nyasi Usiku: Zipi za Kununua, Zipi za Kuacha Dukani

Ingia duka lolote la spea za boda mjini Nakuru, useme unataka taa za kufunga kwenye mowa, yaani mashine ya kukata nyasi, ile ya kuketi na kuendesha. Utaletewa taa yenye mwanga mkali kuliko zote. Mwenye duka hana nia mbaya. Wateja wake wa kila siku ni watu wa pikipiki, na mtu wa pikipiki anataka kuona shimo likiwa bado mbali. Mwenye mowa anataka kuona jiwe lililo mita tatu mbele yake, na mpaka kati ya nyasi alizokata na zile ambazo hajazigusa. Kazi hizo mbili hazifanani, ndiyo maana mpangilio wangu haufuati ukali wa mwanga. Nimeangalia mambo mawili: mwanga uenee kwa upana karibu na visu, na injini iweze kuubeba.

Hilo la injini ndilo linalosahaulika, kwa hivyo nianze nalo.

Umeme ulio nao

Mowa nyingi hazina alteneta ya mkanda kama ya gari. Zina koili iliyofichwa chini ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na umeme wake ni kidogo. Chukua injini za Briggs & Stratton, ambazo ziko kwenye mowa za majina mengi tofauti. Mfumo wao mmoja unaopatikana sana una nyaya mbili: wa kwanza unatoa kama ampia 3 za umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa betri) za kuchaji betri, wa pili unatoa kama ampia 5 za AC (umeme unaogeuka huku na huku), ambazo ni za taa peke yake. Mowa nyingine hazina huo waya wa taa kabisa. Zina zile ampia 3 basi. Injini kubwa za Kohler na Kawasaki mara nyingi zina chaji ya ampia 15 au zaidi ikiwa na regyuleta (kidhibiti volti), na mwenye mashine kama hiyo anaweza kuruka aya mbili zinazofuata.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita: gawanya wati kwa volti 12. Balbu ya halojeni ya wati 55 inakula ampia 4.6, kwa hivyo mbili ni zaidi ya 9. Taa ya LED ya wati 18 inakula ampia 1.5, mbili ni 3. Hapo umeshaona kwa nini halojeni itaishia mkiani. Kama visu vya mowa yako vinawashwa kwa klachi ya umeme, kumbuka hiyo klachi nayo inavuta ampia kadhaa muda wote unaokata.

Kuna mtego mmoja kwenye ule waya wa AC. Taa ya LED iliyotengenezewa DC ukiifunga hapo itapepesa, au itakufa mapema. Fundi wa waya anayetumia balbu ya kupimia hawezi kuona tofauti, kwa sababu balbu inawaka kwenye AC na DC vilevile. Mwambie atumie multimita, injini ikiwa inanguruma. Na akikuta ni AC, asilazimishe. Avute umeme wa taa kutoka kwa betri.

Saa utakazokata

Huku kwetu jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na giza haliulizi ruhusa. Upande wa pili, kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinahesabu usiku kuanzia baada ya saa mbili, na kiwango cha usiku kwenye makazi ni desibeli 35. Hakuna mowa ya injini inayokaribia utulivu huo. Kwa hivyo ukiwa karibu na nyumba za watu, dirisha lako ni la muda wa kama saa moja na nusu, tangu jua lizame hadi saa mbili, kwa kazi kama bustani ya harusi iliyonyeshewa mchana kutwa, kiwanja cha shule ambacho wanafunzi wamekiachia saa kumi na mbili, au ua wa Kisumu ambao hauendeki saa tisa kwa jua. Baada ya hapo umande huanza kulowesha nyasi, na nyasi zenye maji huganda chini ya deki (kile kifuniko cha visu) na kuziba.

Dirisha hilo fupi ni habari njema kwa mfuko. Taa mbili zinazokula ampia 3 kwa saa moja na nusu zinahitaji ampia-saa 4.5. Betri ya kawaida ya mowa ni ya ampia-saa 28 au zaidi kidogo. Hata chaji ikiwa dhaifu, utamaliza kazi na mashine itawaka kesho.

Kando ya Ziwa Naivasha, au karibu na ufuo Kisumu upande wa Dunga, usinunue taa yoyote kwa ajili ya kazi hii. Viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi hizohizo. Kata mchana.

Ya kwanza: jozi ya taa za kazi za LED, wati 18 hadi 27 kila moja

Ni zile za mraba au duara, mgongo wa alumini wenye mapezi, ambazo watu wa trekta na lori hufunga. Maduka ya spea za trekta Eldoret na Kitale huwa nazo kwa wingi, na Nakuru hazikosekani. Bei ya moja huanzia mia kadhaa hadi elfu moja na kitu, kutegemea unavyoelewana na muuzaji.

Tafuta maandishi mawili nyuma yake. La kwanza ni volti 10 hadi 30, kwa sababu chaji ya mowa ndogo hairekebishwi vizuri na waya wa betri ukilegea volti huruka. La pili ni IP67: ile 6 maana yake vumbi haliingii, ile 7 maana yake inavumilia kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa. Huendi kuizamisha, lakini utaiosha, na vumbi la Nakuru kipindi cha kiangazi linajulikana.

Kisha ipime palepale. Iwashe kwa betri ya dukani ukiielekeza ukutani, umbali wa kama mita moja. Ukiona duara dogo jeupe katikati na giza pembeni, hiyo ni ya kumulika mbali, irudishe. Unataka mwanga uliotandazwa sawasawa. Wati zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini hivi hivi. Taa ya wati 27 za kweli inavuta zaidi ya ampia 2 kwenye betri ya volti 12; multimita ikisoma nusu ya hapo, jua unalipia maandishi. Uzito nao unasema: LED hupoteza joto kupitia ule mgongo wa alumini, na taa nyepesi kama kopo haitakaa.

Mahali pa kuzifunga ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Zifunge chini, usawa wa bampa ya mbele, moja kila upande, zikiinama kidogo ili katikati ya mwanga ianguke mita tatu au nne mbele. Mwanga unaotoka chini hulala juu ya nyasi, na ule ukingo wa nyasi ndefu hutupa kivuli. Hicho kivuli ndicho kinachokuonyesha pa kupitisha tairi. Mwanga wa kutoka juu huufuta ukingo huo, uwanja wote ukaonekana rangi moja. Ukifunga taa nyuma ya kiti ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu utakuwa unakata nyasi ndani ya kivuli chako mwenyewe.

Ya pili: kubadilisha balbu tu

Mowa nyingi hutoka kiwandani na taa mbili ndogo kwenye boneti, kwa kawaida zikiwa na balbu ya namba 1156, yenye kitako kilekile cha balbu ya indiketa ya gari. Kuna LED za kitako hicho, na dakika tano zinatosha kuziweka. Lakini rudi kwenye habari ya AC: taa hizo za kiwandani mara nyingi ndizo zinazolishwa na ule waya, na ndiyo maana hufifia injini ikipunguzwa mwendo. Kama ni hivyo, baki na balbu za waya wa kuwaka, ambazo AC haizisumbui, au hamisha umeme. Mwanga ni wa wastani. Kwa ua wa nyumbani ulio tambarare, unaoujua kila kisiki, hii inatosha na hakuna haja ya kutoboa chochote.

Ya tatu: taa za boda

Bei yake ndiyo sifa yake kubwa. Nyingi zimekazwa kumulika mbali, na kama nilivyosema huko si kwetu. Nazipenda kwa kazi moja: taa moja ndogo ikielekezwa upande ambao deki inatemea nyasi, uone kama inatema au imeziba. Kisumu ningechukua za njano. Visubi vya ziwani hufuata mwanga mweupe wenye ubluu kwa makundi, na usoni mwa mtu aliyeketi nyuma ya taa si mahali pazuri pa kuvipokea. Mwanga wa njano huvuta wachache.

Ya nne: taa ya kuchaji yenye sumaku

Inafaa kwa mowa ya kuazima, au ambayo bado ina waranti na hutaki fundi aguse waya. Kabla hujanunua, gonga boneti yako kwa ukucha. Boneti nyingi za mowa ni plastiki, na sumaku haina la kufanya hapo. Ikipata chuma, ifunge pia kwa kamba, maana mtetemo wa injini utaiangusha, na ikianguka mbele ya visu utaisikia. Ncha ya kisu cha mowa inaweza kwenda karibu mita 96 kwa sekunde.

Za kuacha dukani

Bomba refu la LED, lile la kuwekwa juu ya kioo cha gari, linapendeza kwenye picha. Kwenye mowa mwanga wake hugonga boneti na kukurudia machoni, na vumbi la nyasi hugeuka ukuta mweupe. Halojeni za wati 55 nilishazisema. Kwenye injini ya ampia 3 zitakula betri kwa kasi kuliko chaji inavyoirudishia.

Tochi ya kichwani haishindani na hizi zote. Mwanga unaotoka usawa wa macho haukuonyeshi vivuli. Ila inunue hata hivyo, kwa sababu deki ikiziba utahitaji mikono yote miwili na mwanga. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, si kwenye mashine.

Fundi akifunga

Kwa taa mbili za LED za wati 18 huhitaji rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), swichi nzuri ya ampia 10 inabeba. Sisitiza fyuzi ya ampia 5 karibu kabisa na betri, waya wa milimita 1.5 za mraba, na pete za mpira (washa) kwenye bolti za taa. Nyaya zipite mbali na ekzosi na mbali na usukani unapogeuka. Jambo ambalo usiruhusu ni kuvuta umeme kutoka kwa waya wa swichi ya kiti. Ile swichi ndiyo inayozima visu ukiinuka au ukianguka, na fundi anayeharakisha hupenda waya huo kwa sababu uko karibu.

Kabla ya kumalizia malipo, washeni injini kwa kasi ya kukata, visu vikiwa vimezimwa, na msome volti za betri kwanza taa zikiwa zimezimwa, kisha zikiwaka kwa dakika kumi. Ikibaki juu ya 13, chaji inabeba. Ikishuka polepole kuelekea 12, betri ndiyo inayolisha taa, na itabidi uamue kati ya kupunguza taa moja na kuchaji betri kwa umeme wa nyumbani kila baada ya kukata. Mimi ningepunguza taa.