Kuitazama Apophis: macho matupu au darubini?

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi (jiwe la angani linalozunguka Jua) Apophis, yenye upana wa takriban mita 340, itapita kama kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia. Haigongi, inapiga chabo tu na kuondoka.

Macho ni bure, na matunzo yake ni kukaa gizani dakika 20 yazoee. Tatizo ni taa za mjini: zikizidi, nukta ya mwanga ya Apophis utaisikia kwa jirani.

Darubini huishika hata penye mwanga, ila Apophis hutoroka upesi, maana itasogea angani kiasi cha upana wa Mwezi tunaouona kwa dakika moja hivi. Anza na ukuzaji mdogo, na futa umande. Hata hivyo, darubini ndogo itakuonyesha nukta ileile, ghali zaidi.

Uko shambani penye giza? Macho yatosha. Uko mjini na una stendi imara, beba darubini.