Ushauri nasaha wa Tudor: kazi nzuri, ukuta mbovu

Chumba hiki cha ushauri nasaha, mtaani Tudor, Mombasa, kinapokea waliostaafu, waliofiwa na walioachika. Kikao ni dakika 50. Cha kwanza hakina nasaha hata kidogo: mnaorodhesha yaliyobadilika mwaka mzima kwa kipimo cha msongo wa mabadiliko ya maisha cha Holmes na Rahe cha 1967, ambapo kifo cha mwenzi wa ndoa ni alama 100, talaka 73, kustaafu 45. Hata ndoa ina 50, na wengi hilo huwashangaza. Hapa kipimo kinafungulia mazungumzo tu, hakitabirii ugonjwa, na ndivyo kifaavyo kutumika.

Kazi yenyewe iko kwenye karatasi ya juma: saa upande huu, shughuli upande ule. Mstaafu wa bandari aliyezoea zamu hutatizwa na asubuhi kabla ya kutatizwa na pesa, basi saa 12 inawekewa jambo dogo la kupimika, mathalan kwenda sokoni kwa miguu. Shughuli 2 kwa siku zatosha. Anayejaza karatasi yote huitupa siku ya tatu.

Mjane aliye edani, miezi 4 na siku 10, hahimizwi kutoka. Anahudumiwa kwa simu. Hapo wamepatia.

Ila ukuta ni wa mbao nyembamba. Aliyekaa benchi la nje anasikia kilio, na Mombasa watu wajuana! Omba saa ya mwisho jioni, benchi likiwa tupu.

Mwenye mawazo ya kujiua hupelekwa kwa daktari siku ile ile.