Ukitafuta historia ya ukoo wako, uanze na ipi: picha ya habari au ya familia iliyo sandukuni?

Oktoba 1984, kamera ya Mkenya Mohamed Amin ilinasa njaa ya Korem, Ethiopia. Dunia ikashtuka, misaada ikamiminika, na mwaka uliofuata likaja Live Aid, tamasha la muziki la kuwachangia wenye njaa. Hiyo ndiyo nguvu ya picha ya habari, ingawa wengi wa walioonekana mle hatujui hata majina yao.

Picha ya sandukuni, ile bibi aliyopigwa studio, haijamshtua mtu. Ila igeuze: nyuma pengine utakuta muhuri wa studio, au tarehe kwa wino. Soma jina la kanga aliyojitanda. Tazama saa mkononi (huenda ya kuazima kwa mpiga picha!). Muulize shangazi nani kasimama kushoto, angali anakumbuka. Kutafuta ukoo, mimi naanza na hii ya sandukuni. Ya habari itanieleza baadaye kwa nini wazee wangu walihama.